Jinsi ya kutumia should have, must have, could have na ndugu zao bila kuchanganyikiwa

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Should na should have zina tofauti gani, kwa nini mtu anasema must have wakati hakuna lazima yoyote hapo, mbona nimesikia "should of" nikaandika hivyo hivyo nikaambiwa nimekosea. Nimekuwa nikimjibu mtu mmoja mmoja, sasa nimeona niandike yote sehemu moja. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye Kiingereza cha kujieleza anacho, anaweza kusema I go na I went bila shida, ila akiambiwa "he must've been sleeping" anabaki kimya.

Kabla hatujaanza nataka ulishike hili: haya mawazo yote unayo tayari, unayasema kila siku. Unasema "atakuwa ameshafika", unasema "si ungenipigia", unasema "huenda kasahau", unasema "ningejua nisingekuja". Kwa hiyo ukitaka kuongea anza na sentensi yako ya Kiswahili, jiulize unamaanisha nini hasa, ndo utafute vazi lake la Kiingereza. Wanaoanza na majina ya tensi ndo ninaowaona wakiteseka zaidi, anakutajia jina la tensi vizuri kabisa lakini kusema "ungeniambia" hawezi.

Unachohitaji

Daftari moja na kalamu. Simu inayorekodi sauti, yoyote ile. Orodha ya vitenzi vyenye maumbo matatu kama go, went, gone au eat, ate, eaten, na usijibebeshe mzigo wa kukariri mia mbili, chagua thelathini hivi unavyotumia kila siku uanze navyo. Mwisho, kitu cha kusikiliza ambacho kina maandishi yake, BBC Learning English wana vipindi vya bure vya namna hiyo, au mahojiano yoyote yenye maneno yanayopita chini ya video. Dakika ishirini kwa siku zinatosha ila ziwe za kila siku.

Hatua ya 1: Zitenganishe -me- mbili

Hapa ndo mzizi wa makosa mengi kwa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili. Tumefundishwa -me- ni have, basi kila penye -me- tunaweka have. Amelala tunasema "he has slept", kumbe mtu bado yuko kitandani anakoroma. Sahihi ni "he's asleep". Amevaa suti ni "he's wearing a suit". Amesimama mlangoni ni "he's standing at the door". Nimechoka ni "I'm tired", nimeshiba ni "I'm full", amefanana na baba yake ni "he looks like his father".

Kipimo ni rahisi. Kama -me- yako inajibu "yukoje sasa hivi?" usitumie have. Kama inajibu "kafanya nini?" tumia have pamoja na umbo la tatu: amelipa kodi, "he has paid the rent", nimepoteza funguo, "I've lost my keys".

Kuna habari njema pia. -ja- ya kukanusha haina utata kama -me-, karibu kila mara ni haven't au hasn't. Hajafika, "he hasn't arrived yet". Sijala, "I haven't eaten yet". Hawajalipa, "they haven't paid yet". Na -sha- ni already, ameshaondoka, "she has already left". Umewahi ni have you ever, "have you ever been to Zanzibar?"

Angalizo kubwa: ukitaja wakati uliokwisha, have inatoka. Kiswahili cha mtaani kinaruhusu "nimefika jana", Kiingereza hakiruhusu "I have arrived yesterday". Jana, juzi, mwaka 2019, saa mbili zilizopita, vyote hivyo vinataka "I arrived".

Hatua ya 2: Tangu, kwa muda wa, kaenda na karudi

Hii fupi. "Nafanya kazi hapa tangu 2018" usiseme "I work here since 2018", sema "I've worked here since 2018" au "I've been working here since 2018". Since inataka mwanzo, yaani lini ulianza, for inataka urefu: "for six years". "Nipo hapa tangu asubuhi" ni "I've been here since morning", na sio "I am here since morning", kosa hili nalisikia hata kwa watu waliokaa ofisini miaka.

Been na gone: "she's gone to Dodoma" maana yake kaenda na bado yuko huko au yuko njiani. "She's been to Dodoma" kaenda na alisharudi. Mtu akipiga simu akamuulizia meneja ambaye ametoka kwenda benki, ni "he's gone to the bank". Ukimjibu "he's been to the bank" atadhani karudi, na atasubiri uunganishe simu.

Hatua ya 3: Jenga mnyororo

Ukishaizoea have sasa unaweka neno mbele yake, should, must, might, could, would. Mpangilio ni mmoja na haubadiliki: neno hilo, kisha have, kisha umbo la tatu. Should have told. Must have gone. Might have forgotten.

Have hapo katikati ni have tu, awe he, she au they. "She must has gone" hakuna. "He should had come" hakuna. Na umbo ni la tatu, sio la pili, kwa hiyo "should have gone" sio "should have went", "could have come" sio "could have came".

Ukitaka kusema kitu kilifanyiwa, unaongeza been: hela ilitakiwa iwe imeshatumwa, "the money should have been sent". Ukitaka kusema mtu alikuwa katikati ya jambo, unaongeza been na -ing: atakuwa alikuwa amelala, "he must have been sleeping". Ukikanusha, not inakaa mara baada ya neno la kwanza, "shouldn't have", "couldn't have".

Zisome kwa sauti mara kadhaa kabla ya kuendelea. Hatua inayofuata ndo kubwa kuliko zote.

Hatua ya 4: Chagua neno la kwanza kwa kufuata unachohisi

Have inarudisha jambo nyuma, neno la kwanza linabeba hisia yako juu ya jambo hilo. Kwa hiyo jiulize: nalaumu, nakisia, nina shaka, au nasikitikia nafasi iliyopotea?

Unalaumu au unajuta, ni should have. "Si ungeniambia!" ni "you should have told me!" Wengi wanatafsiri ile "ungeniambia" kuwa "you would tell me", na Mwingereza hataelewa kwamba unalalamika. "Ningeondoka mapema" ukiwa unajuta, majuto ni mjukuu, ni "I should have left earlier".

Ila should have ina sura nyingine mbili ambazo zinawachanganya watu. Ya kwanza ni ya zawadi. Umempelekea mwenyeji wako maua au keki, anasema "oh, you shouldn't have!" Hakukaripii, hiyo ni namna ya kusema ahsante, umenifanyia makubwa. Ya pili ni ya imeili za kazini na za kampuni: "you should have received a code by now". Hapo hakuna anayekulaumu, anasema kwa hesabu zake ile code, yaani namba ya kuthibitisha, inapaswa kuwa imeshakufikia, kama haijafika mwambie. Nimeona mtu akijibu imeili ya namna hiyo kwa kuomba radhi, wakati alichotakiwa ni kusema tu "I haven't received it yet".

Unakisia na una uhakika mkubwa, ni must have. Hii ndo "atakuwa" yetu. Simu yake inaita haipokelewi, atakuwa kaiacha nyumbani, "he must have left it at home". Macho mekundu, atakuwa hakulala, "she must have been up all night".

Angalizo, na hili liandike kwenye daftari kwa wino mwingine: must have haimaanishi "ililazimika". Nililazimika kuondoka ni "I had to leave". Ukisema "I must have left" umesema kwamba inaelekea niliondoka, kama mtu asiyekumbuka alichofanya. Ukiandika hivyo kwenye maelezo ya kazi au polisi unaweza kuleta shida kabisa.

Kinyume cha kukisia huku ni can't have au couldn't have: hawezi kuwa amemaliza saa hizi, "he can't have finished already". Wamarekani utawasikia pia na "must not have". Sio mustn't ya kukataza, "you mustn't touch" ni usiguse.

Kuna na will have, ambayo inakaa karibu sana na "atakuwa" ile ile. Ndege ilikuwa itue saa nne, sasa saa tano, "she'll have landed by now". Na kwa mambo yajayo, Ijumaa nitakuwa nimemaliza, "I'll have finished by Friday". Hii ukiizoea utaipenda, inafanana na Kiswahili kabisa.

Una shaka, ni might have au may have. Huenda kasahau, "she might have forgotten". Tofauti ya may na might kwenye maongezi ya kawaida ni ndogo, usiumize kichwa.

Could have ndo yenye kazi nyingi. Kwanza, nafasi uliyokuwa nayo hukuitumia: ningeweza kupanda boda lakini nikatembea, "I could have taken a boda but I walked". Pili, shaka kama might: "it could have been the rain". Tatu, lawama ya mtu wa karibu, "you could have called!", angalau ungepiga simu. Nne, hatari iliyokupita, gari limekukosa kidogo, mtu anakupigia kelele "you could have been killed!" Zote nne zinakutana sehemu moja, jambo lilikuwa na njia ya kutokea, na sauti ndo inakuambia ipi ni ipi.

Angalizo: "niliweza kupata tiketi" na kweli uliipata, usiseme "I could get a ticket", wala "I could have got a ticket", maana hiyo ya pili inasema hukuipata. Sema "I managed to get a ticket" au "I was able to get a ticket".

Na kama mtu kafanya kitu kisichokuwa na haja, kapika na wewe umeshakula, "you didn't have to cook" inatosha. Waingereza wana "you needn't have cooked" kwa maana hiyo hiyo, ukiisikia uielewe.

Hatua ya 5: -nge- na -ngali-

Kwenye vitabu -nge- ni ya jambo ambalo bado linawezekana na -ngali- ni ya lililokwisha pita. Ila mdomoni wengi wetu tumeiacha -ngali-, tunasema "ningejua ningekuja" kwa yote mawili na msikilizaji anaelewa kutokana na mazungumzo. Kiingereza hakikupi uhuru huo.

Chukua sentensi "ningekuwa na hela ningenunua ile simu". Kama simu bado iko dukani, "if I had money, I'd buy it". Kama imeshauzwa, "if I'd had money, I'd have bought it". Kwa hiyo kabla ya kufungua mdomo jiulize: nafasi bado ipo? Ipo, tumia would peke yake. Haipo tena, tumia would have, na upande wa if unaweka had na umbo la tatu. "Had had" ikitokea usiogope, ni sahihi.

Usiweke would upande wa if. "If I would have known" utaisikia kwa Wamarekani wakiongea, lakini ukiandika kwenye mtihani itahesabiwa kosa. Andika "if I had known, I would have come".

Hapa kuna shida ya ile 'd ndogo, inaweza kuwa had au would. Angalia kinachofuata. 'd ikifuatwa na umbo la tatu ni had, "I'd gone". Ikifuatwa na kitenzi kitupu ni would, "I'd go". Ikifuatwa na have na umbo la tatu ni would. Vitenzi kama come, run na put umbo la kwanza na la tatu ni moja, hapo sikiliza sentensi nzima. Vivyo hivyo 's: "she's gone" ni has, "she's going" ni is.

Hatua ya 6: Masikio na mdomo

Kiswahili tunatamka kila silabi. Kiingereza kinameza, na kinachomezwa hapa ni have. Should have inakuwa "shudav", could have "kudav", must have "mastav", might have "maitav", na mtu akiongea haraka zaidi ni "shuda", "kuda", "wuda". Ndo maana hulisikii have, na ndo maana wengine wanaandika "should of", hata wazaliwa wa Uingereza na Marekani wanaandika hivyo kwa sababu sikioni zinafanana. Bado ni kosa. Kwa maandishi andika should have au should've. Shoulda iache kwenye meseji za marafiki.

Zoezi: chagua sekunde kumi za kipindi chenye maandishi, sikiliza bila kusoma, andika ulichosikia, ndo ufunue maandishi. Kisha jirekodi ukisema sentensi ile ile, uzito uweke kwenye kitenzi cha mwisho, "you shudav TOLD me", na should have uipite haraka. Mara ya kwanza utajiona unaharakisha mno, endelea.

Hatua ya 7: Majibu mafupi

"Did he lock the gate?" Usijibu "he might". Jibu "he might have". Au "he should have", au "he must have". Swali ni la jambo lililopita kwa hiyo have inabaki, kitenzi ndo kinaondoka. Waingereza wengi wanaongeza done, "he might have done". Ukiacha have unakuwa umehamia kwenye jambo lijalo.

Hatua ya 8: Kisa kimoja kila usiku

Chukua jambo moja la leo, hata dogo, na ulisemee sentensi tano. Tuseme basi limekuacha asubuhi. "I should have left earlier. The driver must have been in a hurry. I could have taken a boda. The bus might have been full anyway. If I'd left at six, I'd have caught it." Kesho kisa kingine. Zoezi hili nalithamini kuliko kujaza nafasi zilizo wazi kwenye kitabu, kwa sababu hapa hisia ni zako na neno la kwanza unalichagua mwenyewe.

Ukikwama

Nikisoma naelewa, nikisikia sipati kitu. Tatizo liko hatua ya 6. Acha kusoma sheria kwa wiki moja, fanya zoezi la kusikiliza tu.

Nimeona "she must have a car" lakini hakuna kilichopita. Angalia kinachofuata have. Hakuna umbo la tatu, kuna kitu, a car, kwa hiyo have hapo ni kuwa na: lazima ana gari. Ukitaka lipite ni "she must have had a car". Na "he may have to go" ni have to, huenda akalazimika kwenda.

Maumbo ya tatu yananipotea. Usiyasome peke yake, yasome ndani ya mnyororo: should have gone, should have eaten, should have written, should have seen, should have taken. Ulimi unakumbuka haraka kuliko macho.

Mtihani na mtaani vinapingana. Kwenye insha ya kidato cha nne, ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya) au ile ya IELTS (mtihani wa kimataifa wa Kiingereza) andika kirefu na ufuate hatua ya 5 bila kuongeza ya mtaani. Kwenye maongezi usijilazimishe kutamka have kamili, utasikika kama umekasirika.

Bosi au mteja kakosea na "you should have" naiona kali. Ni kali kweli, kwa mtu unayemheshimu usimrushie. Sisi tungesema "labda mimi ndo sikuelewa vizuri", na Kiingereza kina hiyo hiyo: "I may have misunderstood". Au kitoe kwa mtu ukiweke kwenye jambo, "the invoice should have been sent on Monday", hapo hujamtaja aliyechelewa na kila mtu kazini anajua ni nani.